Akithibitishiwa kuwa Mungu yupo, atasali?

Mkanamungu akisema "nipe ushahidi", mhubiri hukimbilia hoja zake. Mimi humshauri aulize kwanza: nikikuthibitishia leo, kesho utasali? Wapo wanaojibu "hapana" papo hapo, na mjadala wao uko kwingine kabisa.

Mfano ninaoutumia ni wa Antony Flew, mwanafalsafa wa Uingereza aliyetetea ukanamungu kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 2004 ikatangazwa kwamba amekubali Mungu yupo, akisukumwa zaidi na jinsi DNA, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo katika seli, ilivyo changamano. Wakristo wengi walishangilia. Walishangilia mapema. Mungu aliyemkubali Flew ni yule wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale: akili iliyo nyuma ya ulimwengu lakini isiyojishughulisha na maisha ya watu. Uhai baada ya kifo hakuuamini. Alifariki 2010 bila kujiunga na dini yoyote.

Tatizo limo ndani ya hoja zenyewe. Chukua ile maarufu: kila kilichoanza kuwapo kina chanzo; ulimwengu ulianza; basi una chanzo. Tuseme haina dosari. Umepata chanzo, basi. Hujaonyesha kwamba ni chema, kwamba kinasikia dua, wala kwamba kina haki ya kusujudiwa. Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alilijua hilo. Katika kitabu chake Summa Theologiae, njia zake tano za kuthibitisha kuwa Mungu yupo zimo katika kifungu kimoja cha swali la 2. Kisha maswali ya 3 hadi 26 yanachambua huyo Mungu ni wa namna gani: wema wake, ujuzi wake, upendo wake. Ibada ameiweka mbali sana, swali la 81 la nusu ya pili ya sehemu ya pili, chini ya fadhila ya haki. Yaani ibada ni deni. Na mkopeshaji yeyote atakuambia kwamba kukiri deni si kulilipa.

Maandiko nayo hayadai kwamba kujua kunatosha. Qurani 31:25 inasema washirikina, wakiulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi, watajibu ni Mwenyezi Mungu. Iblisi hakupungukiwa na ushahidi alipogoma kusujudu. Yakobo 2:19 anasema mashetani nao waamini na kutetemeka. Pale mlima Karmeli, nabii Eliya alipoomba na moto ukashuka, watu walianguka kifudifudi. Malkia Yezebeli alipopata habari hizohizo, aliapa kumuua Eliya.

Sisemi kila mwenye shaka ni mkaidi. Wapo ambao kikwazo chao ni ushahidi kweli, na wangeupata wangesali. Hao wapewe hoja. Lakini anayekataa kwa sababu ya watoto wanaokufa kwa maumivu, usimwanzie na chanzo cha ulimwengu. Ukifaulu kumshawishi, utakuwa umempa tu wa kumshtaki. Kwake anza na wema wa Mungu, hata kama hoja za wema huo ni ngumu zaidi kuzijenga.