Kwa nini jua la mwaka 1783 lilikuwa jekundu mchana kweupe?

Ukitaja mwaka 1783, msomi wa historia atakukumbusha Mkataba wa Paris wa tarehe 3 Septemba, ambamo Uingereza ilikubali kwamba Marekani ni nchi huru. Mpenzi wa mambo ya ndege ataruka moja kwa moja hadi kwenye puto la ndugu wa Montgolfier, lililowapandisha watu wawili angani mjini Paris tarehe 21 Novemba. (Miezi miwili kabla ya hapo walitangulizwa kondoo, bata na jogoo.) Lakini kwa watu wengi wa Ulaya waliouishi mwaka ule, habari kubwa ilikuwa ukungu.

Ulitanda Juni. Ulikuwa mkavu, unanuka kiberiti, na jua likipanda hautoweki. Saa sita mchana ungeweza kulikodolea jua macho bila kuumia, nalo lina rangi ya kutu. Kijijini Selborne, kusini mwa Uingereza, kasisi Gilbert White aliandika kwamba joto lilikuwa kali kiasi kwamba nyama iliyochinjwa leo, kesho yake ni shida kuila. Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani aliyekuwa Ufaransa, alieleza kuwa miale ya jua ikikusanywa kwa lenzi iliweza kwa shida kuunguza karatasi ya kaki. Akahisi huenda chanzo ni moshi wa volkano ya Iceland.

Hakukosea. Tarehe 8 Juni ardhi ilikuwa imepasuka huko Laki, kusini mwa Iceland: ufa wa kilomita kama 27, wenye kreta (midomo ya volkano) zaidi ya mia moja, uliotapika lava hadi Februari 1784. Kilichofika Ulaya ni gesi, takriban tani milioni 120 za dioksidi ya salfa. Hewani gesi hiyo iligeuka vitone vidogo mno vya asidi, vikatawanya mwanga wa jua, na rangi nyekundu ndiyo iliyopenya kwa urahisi. Na kwa kuwa hewa ya kiangazi hicho ilikuwa imetulia, uchafu wote ukabaki chini, pale watu wanapovutia pumzi.

Iceland kwenyewe lava ndiyo iliyotisha, ila haikuwa muuaji mkuu. Tarehe 20 Julai, moto ukikaribia kijiji cha Kirkjubæjarklaustur, mchungaji Jón Steingrímsson aliwakusanya waumini kanisani akahubiri, na lava ikakomea kabla ya kuwafikia. Hadi leo ibada hiyo inaitwa misa ya moto. Wakati huohuo, florini, kemikali yenye sumu iliyotoka kwenye ufa, ilikuwa ikitua kimyakimya juu ya majani. Mifugo ikala. Mifupa ikaota vinundu, meno yakaharibika, na kondoo wapatao wanne kati ya kila watano wakafa. Baada ya mifugo ikaja zamu ya wenyewe: mtu kama mmoja kati ya watano wa kisiwa kile alikufa, wengi kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo.

Afrika nayo haikusalimika. Mvua za Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, na za nyanda za juu za Ethiopia huvutwa na tofauti ya joto kati ya nchi kavu na bahari. Wanasayansi walioiga tukio hili kwa kompyuta wamekuta kwamba ukungu wa Laki ulipoza nchi za kaskazini, na mvua hizo zikadhoofika. Nile ya Buluu hutegemea mvua za Ethiopia. Enzi zile, zikipungua, mafuriko yaliyonywesha mashamba ya Misri hayakupanda. Ndivyo ilivyokuwa 1783, na mwaka uliofuata pia. Msafiri Mfaransa Volney alikadiria kwamba kufikia mwanzoni mwa 1785 Misri ilikuwa imepoteza mtu mmoja kati ya kila sita, kwa kufa au kwa kuihama nchi.