Ujerumani ni bure, lakini si nauli tu

Nairobi utasikia: Ujerumani chuo ni bure, tafuta nauli tu. Kweli, vyuo vikuu vingi vya umma havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula. Shida ni viza. Lazima uthibitishe una pesa za kujikimu, na wengi huziweka katika akaunti maalumu iliyofungwa: yuro 11,904 kwa mwaka, kiwango cha tangu Septemba 2024. Pesa hizo hubaki zako. Ukifika unaachiwa 992 kila mwezi, za kodi ya nyumba, chakula na bima.

Nimeliona daftari la harambee moja: tiketi, sanduku, koti la baridi. Akaunti haikuwemo, na iliniuma sana. Barua ya ufadhili kamili, mathalani wa DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili wanafunzi, inaweza kuchukua nafasi yake.