Mkatoliki na maskini: dhana potofu na ukweli wake

"Kuhudumia maskini ni kazi ya Karitasi (shirika la misaada la Kanisa) na ya wenye moyo huo."

Kanuni ya 222 ya Sheria za Kanisa inawataja waamini wote: wanawajibika kuendeleza haki katika jamii na kuwasaidia maskini kwa mali zao wenyewe. Haki na msaada vimo katika aya moja, na wala si hiari. Karitasi inaratibu, haimpokei mwamini wajibu wake.

"Ukishatoa unga na nguo, umemaliza."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu zaidi, kwa sababu inafanana sana na wema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati ya utume wa walei (waamini wasio makleri) ya 1965 (Apostolicam Actuositatem, namba 8), unaagiza kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, mtu asije akapewa kama zawadi kitu ambacho ni stahili yake. Pia visababishi viondolewe, si matokeo peke yake.

Chukua mjane anayepelekewa unga kila mwezi huku mwajiri wa marehemu mumewe akikalia mafao yake. Unga anauhitaji leo, apewe. Lakini bila barua ya madai, unga huo unamfichia mwajiri deni.

Kazi ya kamati ya kuhudumia maskini inaanzia kwenye ziara ya nyumbani, kama walivyofanya mwanafunzi Frédéric Ozanam na wenzake Paris mwaka 1833 walipoanzisha kile kilichokuja kuwa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, Sista Rosalie Rendu akiwaelekeza. Nendeni wawili. Ketini kabla ya kuuliza, msipige picha, na daftari lijazwe mkishatoka: anakosa nini, tangu lini, ni ofisi gani ilimkatalia na kwa sababu ipi, ana karatasi gani mkononi. Baada ya ziara kumi hivi, lipitieni lote. Familia nne zikiwa zimekwama kwa kukosa cheti kilekile, hapo tatizo si la familia tena.

Ndipo iandikwe barua: ombi moja, kwa ofisi yenye mamlaka ya kuamua, na vielelezo vilivyoridhiwa na wenyewe. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, mrudi baada ya wiki mbili. Barua yenye madai saba hujibiwa lile jepesi tu. Na jina la mtu likitajwa bila ridhaa yake, atakayelipiziwa kisasi ni yeye, si kamati.

"Kutetea maskini ni siasa, na Kanisa halitakiwi humo."

Makleri, yaani maaskofu, mapadre na mashemasi, ndio wanaokatazwa kushika vyeo vya utawala wa serikali (kanuni ya 285). Walei hawamo katika katazo hilo. Papa Benedikto XVI, katika waraka Deus Caritas Est wa 2005, anasema Kanisa haliwezi kuchukua nafasi ya dola, wala haliruhusiwi kukaa pembeni katika kupigania haki. Na hilo si jipya: mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika katika Rerum Novarum kwamba mfanyakazi akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida au hofu, ametendewa dhuluma, hata kama alikubali mwenyewe.

"Msaada ni chambo cha kuwapata waongofu."

Waraka huohuo wa 2005 unakataa: upendo hutolewa bure. Kwa hiyo orodha ya wahitaji isiwe na safu ya dini, wala sala isiwe sharti la kupata kibaba.

"Maskini anapokea tu, hana la kuamua."

Soma Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika mgawo wa kila siku, manung'uniko yakazuka. Mitume hawakuwaongezea sadaka ili wanyamaze. Waliitisha mkutano na kubadilisha utaratibu, wakachaguliwa watu saba. Majina yao yote ni ya Kiyunani. Inaelekea upande uliokuwa ukisahauliwa ndio uliokabidhiwa mgawo. Kamati isiyo na hata mjumbe mmoja anayepokea msaada haitajua kwamba siku ya kugawa iliangukia siku ya kibarua, na kwamba aliyekosekana kwenye foleni ndiye mwenye njaa kuliko wote.