Je, wajua kwa nini unaweza kupigwa faini ndani ya treni ukiwa na tiketi mkononi?

Mgeni amefika stesheni moja ya Italia. Kaenda dirishani, kalipa nauli, kapewa tiketi ya karatasi. Anatembea hadi jukwaani bila kukutana na geti wala mlinzi, anapanda, anakaa. Nusu saa baadaye mkaguzi anapita, anaipokea ile tiketi, anaigeuza mbele na nyuma, kisha anaanza kuandika faini. Mgeni anabaki mdomo wazi. Nauli si nimelipa?

Umelipa, ila hujaigonga. Kwenye treni za mikoani nchini Italia, tiketi ya karatasi haianzi kazi mpaka uichomeke kwenye kimashine kilichofungwa ukutani au kwenye nguzo karibu na jukwaa, itoke imepigwa tarehe na saa. Isipogongwa, hakuna alama inayoonyesha safari imeanza: ungeweza kusafiri nayo asubuhi, ukabahatika kutokaguliwa, ukairudisha mfukoni na kuisafiria tena jioni. Mkaguzi hana namna ya kumtenga aliyesahau na aliyekusudia, kwa hiyo wote wawili wanalipa.

Sasa mbona wasiweke mageti yaishe? Ujerumani, Austria na Uswisi pia stesheni ziko wazi vivyo hivyo. Stesheni kubwa huko ni njia ya kila mtu: kuna maduka, kuna wanaosindikiza wenzao, kuna wanaokatiza tu kwenda mtaa wa pili. Kuzungushia uzio kila jukwaa ni gharama, na ni foleni isiyoisha. Wameona heri waache watu waingie, wakague wachache, na atakayenaswa alipe mara nyingi zaidi ya nauli. Kwenye usafiri wa mijini Ujerumani, kukutwa bila tiketi halali ni euro 60. Berlin nako tiketi ya karatasi hugongwa kabla ya kupanda, na wakaguzi mara nyingi wamevaa nguo za kiraia. Yule kijana mwenye kibegi aliyekaa mbele yako huenda ndiye.

Tiketi ya kwenye simu isikudanganye. Nyingine huanza kazi pale tu unapobonyeza kitufe cha kuthibitisha safari, na ukisubiri umwone mkaguzi ndipo ubonyeze, umechelewa. Treni za mwendo kasi za Italia hazina usumbufu huo, kwa sababu tiketi imeshaandikwa namba ya treni, behewa na siti, hivyo haiwezi kutumika mara mbili.

Na hapo kwenye siti pana jambo jingine. Nchi nyingi huuza nauli mbali na siti mbali. Ujerumani unaweza kuwa na tiketi halali kabisa ya treni ya mwendo kasi na bado ukasimama safari nzima, kwa sababu siti hukuilipia. Kabla ya kukaa, tazama kijiskrini kilicho karibu na siti: kikiwa na majina ya stesheni mbili, siti hiyo ina mwenyewe kati ya stesheni hizo. Ufaransa, kwa treni za mwendo kasi za TGV, kwa kawaida nauli na siti huuzwa pamoja.

India ndiyo imefika mbali kuliko wote. Kati ya aliyepata nafasi na aliyekosa kuna mtu wa tatu, mwenye tiketi ya RAC, yaani nafasi inayosubiri mwingine aahirishe. Huyu anaruhusiwa kupanda, lakini kitanda cha pembeni cha chini anagawana na mwenzake, wamekaa wakitazamana, wakiomba abiria fulani asitokee. Asipotokea, mmoja anapewa kitanda kizima. Aliye kwenye orodha ya kusubiri, kama alinunua mtandaoni na jina halikupanda hadi orodha ya mwisho ilipofungwa, tiketi hujifuta na hela hurudishwa.

Siti ukishaipata, hakikisha na behewa. Treni moja inaweza kuwa treni mbili zilizofungwa pamoja. Tokyo, Japani, utaiona treni ya mwendo kasi ya Hayabusa, ya kijani, imeungana na ya Komachi, nyekundu. Wakifika Morioka wanaachana, ya kijani inaendelea kaskazini kuelekea Aomori, nyekundu inakata kwenda Akita. Mabehewa ya 1 hadi 10 ni ya kijani, 11 hadi 17 ni nyekundu. Aliyesinzia upande usio wake ataamkia mji mwingine.

Kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Ubao ukiandika 08:15, hiyo ni saa mbili na robo asubuhi. Ukisema moyoni "saa nane na robo" ukaja mchana, treni imeondoka saa sita zilizopita.

Turudi kwenye tiketi. Japani wao wameweka mageti, kuingia na kutoka. Kwa Shinkansen, treni zao za mwendo kasi, mara nyingi unashika karatasi mbili, moja ya nauli ya kawaida na nyingine ya ada ya mwendo kasi. Unaziingiza pamoja, mashine inazisoma kufumba na kufumbua na kuzitoa upande wa pili. Zichukue! Wageni wengi huziacha pale pale wakidhani kazi yake imekwisha, na bila hizo huko waendako geti halifunguki. Kwenye treni za kawaida, ukiwa umevuka stesheni uliyoilipia, vijilango vinajifunga mbele yako na taa inawaka. Hakuna anayekuandikia faini. Pembeni ya geti kuna mashine ya kulipia tofauti: unaingiza tiketi, inakuonyesha kiasi kilichopungua, unalipa, inakupa karatasi mpya. Unarudi getini, unaiingiza, geti linaimeza na wewe unapita.