Jeni ya POLG ina baba pia

Nimechoka kusikia kwamba kila ugonjwa wa mitokondria, yaani vile vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati, umetoka kwa mama. Hapa Dodoma nimeisikia kauli hiyo kwa wanafunzi wa udaktari, kwa wauguzi, na juzi kwa mawifi waliomzunguka mama mwenye mtoto wa kifafa kisichotulia, wakimwambia kwamba ukoo wao hauna maradhi hayo na kwamba ameingia nayo yeye.

DNA ya mitokondria, yenye jozi za besi 16,569, hurithiwa kwa mama, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini ina jeni 37 tu, na 13 kati ya hizo ndizo zinazounda protini, ilhali mitokondria hutumia protini zaidi ya 1,000. Zilizobaki zote huundwa kwa maelekezo ya DNA ya kiini cha seli, ambayo mtoto huipata kwa wazazi wote wawili.

Mojawapo ya jeni hizo za kiini ni POLG, iliyoko kwenye kromosomu 15, ambayo hutoa kimeng'enya kinachonakili DNA ya mitokondria. Maana yake ni kwamba hata hiyo DNA inayoitwa ya mama hainakiliwi bila kimeng'enya ambacho baba naye amechangia jeni yake. Katika ugonjwa wa Alpers, unaoleta kifafa kikali na kuharibu ini, mtoto amerithi nakala mbili zenye kasoro, moja kwa kila mzazi, na kwa kawaida wazazi wenyewe ni wazima. Wapo pia wanaougua kwa nakala moja tu, ambayo yaweza kuwa ya baba. Hao aghalabu huanza kulegea kope ukubwani.

Kinachotutatiza kweli ni ukali wa ugonjwa. Ndugu wa tumbo moja wenye mabadiliko yaleyale ya POLG, kwa mfano yale yaitwayo A467T, wanaweza kuugua mmoja utotoni na mwingine akiwa mtu mzima, na sayansi haijalieleza hilo kwa namna ya kutosheleza.

Kwa kuwa baba naye huchangia, faili la mgonjwa lenye historia ndefu ya wajomba na mama wadogo, huku upande wa baba ukiwa na mstari mtupu, linanikera. Mtoto mwenye kasoro ya POLG akipewa sodiamu valproeti, dawa ya kifafa, ini lake laweza kushindwa kabisa. Kama kuna shangazi aliyefariki kwa ini akiwa mdogo, hilo linapaswa kuulizwa kabla dawa haijaandikwa.