"An" hufuata sauti, si herufi

Watoto wengi wanaoanza Kiingereza hukaririshwa kanuni hii: neno likianza na a, e, i, o au u, tanguliza "an", likianza na herufi nyingine, tanguliza "a". Ni rahisi kukumbuka, lakini si sahihi. Kinachoamua ni sauti ya kwanza inayotoka mdomoni.

Tazama "university". Limeandikwa kwa u, ila ukilitamka linaanza kama "yu" ya neno yule. Hiyo y ni konsonanti, ndiyo maana tunasema "a university". "European" nalo ni vivyo hivyo. Kwa upande wa pili, h ya "hour" na "honest" haitamkwi kabisa, kwa hiyo ni "an hour", "an honest man". Hata vifupisho vimo: "an MP", kwa kuwa M husomwa "em".

Basi mtoto akiandika "an uniform", tafadhali msimkemee. Ametii kanuni aliyopewa, tena kwa uangalifu. Mwambieni alitamke neno kwa sauti kwanza, ndipo achague.

Kihistoria, "an" ndiyo iliyotangulia, na ina asili moja na "one". Polepole n ikadondoka mbele ya konsonanti. Wakati mwingine hata wasemaji wenyewe walipoteza mpaka wa maneno: "a napron" ya zamani ikasikika "an apron", na ndivyo inavyoandikwa mpaka leo.