Amepoa, basi aache dawa? Maswali ya bipola tunayoulizwa Malindi

Maswali haya tunaulizwa na wagonjwa na jamaa zao wanaokuja kliniki ya afya ya akili kutoka Barani, Mambrui, Gede hadi Marafa. Swali moja nimelijibu zaidi ya mara moja, kwa makusudi, kwa sababu ndilo linalowarudisha watu wodini.

Bipola ni nini?

Ni ugonjwa wa ubongo unaovuruga hisia, usingizi na nguvu za mtu kwa vipindi. Kuna kupanda: mtu halali na hachoki, maneno hayamwishi, mipango kumi kwa siku, pesa zinamtoka ovyo. Hali hiyo ikidumu wiki moja, au ikiwa kali hata kabla ya hapo, tunaiita mania. Kuna kushuka: wiki mbili au zaidi za huzuni, mwili mzito, kukata tamaa, na kwa wengine mawazo ya kujiua. Katikati mtu huwa mzima, anakwenda kazini, anapiga gumzo barazani kama kawaida. Mara nyingi ugonjwa huanza ujanani.

Ndani ya ubongo kunatokea nini hasa?

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna amigdala, isiyozidi korosho kwa ukubwa. Kazi yake ni kudaka upesi jambo lolote lenye uzito wa hisia: uso uliokunjamana, sauti ya ukali, hatari, furaha. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya kipaji cha uso, ndiyo inayopima: hili kubwa, hili dogo, nyamaza kwanza.

Watafiti wamewaingiza watu wenye bipola kwenye mashine ya MRI, inayopiga picha za ubongo, wakawaonyesha picha za nyuso zenye hasira, hofu na furaha. Wakati wa mania, amigdala za wengi hushtuka kupita kiasi, na ile sehemu ya mbele, hasa ya chini kwa pembeni, hufanya kazi pungufu. Mawasiliano kati ya hizo mbili pia huwa dhaifu. Zaidi ya hayo, sehemu zinazohusika na hamu na matarajio ya faida huchangamka mno.

Ndiyo maana mvuvi anauza mashine ya boti asubuhi kwa bei ya kutupa, na kufikia alasiri ameshapeleka posa nyumba mbili na kuahidi kujenga msikiti. Watu wanasema amejaa kiburi, au pesa imemharibu. Sivyo. Sehemu inayotamani imepanda na sehemu inayopima imelegea, kwa wakati mmoja.

Hata kusoma nyuso za watu kunamwia vigumu. Akiwa juu, mama yake analia mbele yake naye haoni kuwa ni kilio cha kweli. Akiwa chini, mke akimwamkia kwa uso wa kawaida yeye anauona umejaa lawama. Kumgombeza hapo ni kazi bure, na nawaombeni sana muache.

Mwanangu amekaa sawa miezi minne. Si aache dawa sasa?

Hapana.

Utafiti huo wa picha za ubongo umefanywa pia kwa watu waliotulia, wasio juu wala chini. Kwa wengi wao sehemu ya mbele bado ilikuwa inafanya kazi pungufu pale hisia zilipochokozwa. Maana yake mtu anaweza kuonekana mzima, akawa kweli ni mzima kwa siku hiyo, lakini ubongo wake bado unahitaji kushikiliwa. Kinachoushikilia ni dawa. Ametulia kwa sababu anameza.

Tunaona jambo lile lile kila mara. Mama anaingia, anafungua mkoba, anatoa mfuko wa plastiki kutoka ndani ya leso na kuuweka mezani. Ndani mna paneli za kabamazepini, dawa yake ya bipola, foili haijatobolewa hata tundu moja. Kijana yuko nje kwenye tuktuk, ameshikwa na kaka zake wawili, sauti imekauka kwa kupiga kelele. Mama anasema, "Lakini alikuwa ameshapona, daktari." Alikuwa ametulia, mama. Hakuwa amemaliza ugonjwa.

Yeye mwenyewe anasema amepona, na dawa zinamnenepesha.

Bado ni hapana. Kunenepa, usingizi mwingi na mikono kutetemeka ni malalamiko ya kweli, na hatumdharau mtu anayeyaleta. Yaleteni kliniki. Tunaweza kubadilisha dozi au dawa yenyewe. Tunachokataa ni kuacha kimya kimya nyumbani halafu kutuambia baada ya mambo kuharibika. Lithiamu hasa, inayotumika kwa ugonjwa huu tangu daktari John Cade wa Australia alipoeleza matokeo yake mwaka 1949, ikikatwa ghafla mania huweza kurudi ndani ya wiki au miezi michache.

Na akipunguza mwenyewe, nusu nusu?

Hapana. Kupunguza hupangwa na daktari, polepole, na familia ikiwa inaangalia usingizi wake. Nusu ya kujikatia ni kuacha tu kwa njia ndefu.

Kuna picha ya kichwa inayoweza kuonyesha kama ana bipola?

Hakuna. Tofauti nilizozieleza huonekana watafiti wanapolinganisha makundi ya watu. Picha ya mtu mmoja haiwezi kuthibitisha. Msiuze mbuzi kwenda kupigwa picha Mombasa kwa ajili ya hilo tu. Ugonjwa hutambuliwa kwa maelezo: amelala vipi, ametumia pesa vipi, yalianza lini. Kwa hivyo mgonjwa asije peke yake. Aje na mtu anayeishi naye.

Tulimpeleka kwa mganga kwanza. Tulikosea?

Aombewe, asomewe Kurani, anywe kombe kama ndiyo imani yenu. Hayo hayagombani na dawa. Kinachotuuma ni ile miezi ya kuzunguka: huyu kasema jini, yule kasema amerogwa, mbuzi wawili wamekwenda, na kijana amefungwa kamba kwenye nguzo hadi vifundo vimeota vidonda. Mtu hajalala usiku tatu na anazungumza bila kituo, mleteni hospitali siku hiyo. Kisomo kitaendelea akiwa wodini.

Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua. Mwanamke mwenye bipola yumo katika hatari kubwa wiki za kwanza baada ya kuzaa. Akianza kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, akasema maneno yasiyoeleweka, msingoje arubaini iishe. Na kwa kuwa tumewataja kina mama: anayetumia sodiamu valproeti na anafikiria kupata mimba aje tuzungumze mapema, dawa hiyo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Aje kabla hajaiacha.

Muguka na miraa vina ubaya gani? Vijana wote wanatafuna.

Vina kichangamsho kinachopandisha dopamini, kemikali ya ubongo inayochochea hamu, na kuondoa usingizi, yaani vinausukuma ubongo huu upande ule ule wa mania. Kukosa usingizi peke yake kunatosha kumrusha mtu juu. Kijana anakesha harusini siku mbili, muguka shavuni, dawa hajameza, siku ya tatu tunaye. Mwenye bipola asitafune kabisa. Na anayevua usiku tupange naye namna ya kulala mchana, kwa saa zile zile kila siku.

Ramadhani atafunga?

Wengine wanaweza, dawa zikipangwa futari na daku. Mje kabla ya mwezi kuandama, si katikati ya kumi la kwanza. Anayetumia lithiamu awe mwangalifu zaidi: joto letu hili, jasho na kukaa bila maji huipandisha lithiamu kwenye damu mpaka ikawa sumu. Dalili zake ni kutapika, kuharisha, kutetemeka sana, kuyumba na ulimi kuwa mzito. Akipata hizo, asimeze dozi nyingine, aletwe hospitali mara moja. Kurani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kwa asiyeweza kabisa kuna fidia. Sijui kwa nini tunawanyima wagonjwa wa akili ruhusa tunayompa mgonjwa wa kisukari bila hata kubishana.

Tunaweza kununua dawa ya huzuni au ya maumivu dukani?

Dawa ya huzuni peke yake, kama amitriptilini, inaweza kumtoa mtu chini ikamrusha moja kwa moja kwenye mania. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazoliwa hapa kama peremende kila mgongo ukiuma, hupandisha lithiamu. Mwambieni mwenye duka la dawa kila anachomeza mgonjwa kabla hamjalipa.

Akiwa chini sana, tumuulize kama anawaza kufa, au tutamtia wazo?

Muulizeni waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo ambalo hana. Akikubali, asiachwe peke yake hata chooni. Sumu za shambani na akiba ya dawa zihamishiwe nyumba nyingine, kwa mtu mzima anayeaminika. Mje naye saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, hata kama tarehe yake ya kliniki ni wiki ijayo. Mje na zile paneli pia, za zamani na za sasa, tuone amemeza ngapi.